Pakiti ya chanjo ya soya haifai kukaa dirishani

Mhariri,

Maduka ya pembejeo yanauza chanjo ya mbegu za soya kama yanavyouza chumvi: rafuni, juani, chini ya bati. Mazao yakigoma, lawama inaiangukia chanjo. Kilichomo ni rizobia, bakteria hai wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuilisha soya kupitia vinundu vya mizizi. Joto likishawaua, mkulima amenunua unga mtupu. Kabla ya kuuliza bei, aulize pakiti ilihifadhiwa wapi na inaisha muda lini. Aangalie pia zao lililoandikwa, kwani rizobia wa soya hawafai maharage.

Kwa kilo 10 za mbegu, koroga vijiko viwili vya chakula vya sukari katika mililita 200 za maji yasiyo na klorini. Lowesha mbegu kidogo kidogo mpaka zing'ae bila kuchuruzika, hata kama maji yatabaki. Nyunyizia gramu 100 za unga wa chanjo (lebo ikitaja kipimo kingine, fuata lebo) na ugeuze taratibu, maana ganda la soya huchubuka upesi. Acha zikauke kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, na ufukie papo hapo. Mbegu zilizolala bila kupandwa zichanjwe upya. Mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu ni hasara nyingine: dawa nyingi za aina hiyo huwaua bakteria hao.

Chanjo haileti fosforasi. Mbolea ya fosforasi, TSP, bado inahitajika, ila ifunikwe kwa tabaka la udongo kabla ya kuweka mbegu, zisigusane. Udongo wenye tindikali nyingi (pH chini ya 5.5) uwekewe chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Urea ya kupandia haina kazi hapa. Mmea ulioshiba naitrojeni ya dukani hautengenezi vinundu vya kutosha.

Soya ikianza kutoa maua, chimbua mashina machache kwa jembe. Ukiyang'oa kwa mkono, vinundu hubaki ardhini na utadhani havikuwepo. Vipasue: wekundu au waridi ndani maana yake vinafanya kazi, kijani au kijivu havina faida. Kama havifanyi kazi na majani yamepauka, naitrojeni kidogo ya kukuzia yaweza kuokoa sehemu ya mavuno.

Maafisa ugani,
Songea