Mdogo wangu wa Rajkot, usisaini

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani tena kwa Kiswahili, kwa sababu katika nyumba unayoishi hakuna anayekisoma isipokuwa wewe. Na najua hauko peke yako. Wapo mabinti waliozaliwa Mwanza, Tanga na Kisumu, wakaolewa Gujarat, kule India, na leo wanapokea kutoka kwa kaka zao karatasi kama hii uliyonitumia.

Nimeisoma. Maneno yake matamu: kwa mapenzi na bila kushurutishwa na mtu, unaachia fungu lako la nyumba ya marehemu baba yako, baba mdogo wangu, kule Jamnagar, liwe la kaka zako wawili. Ukisaini utaendelea kuwa binti wa nyumbani, kila Rakhi, sikukuu ya kaka na dada, utakuja kuwafunga uzi mkononi, watakupa sari na peremende. Usiposaini itakuwaje, hawakusema. Wala hawakuhitaji kusema. Kule Rajasthan jambo hili lina jina lake kabisa, haq tyag, yaani kuachia haki, na dada anayekubali husifiwa kwa moyo mwema. Kaka anayekataa kupokea sijamsikia bado.

Wanaongea kana kwamba wanakuomba ruhusa ya kuchukua kilicho chao. Nyumba ile baba mdogo aliinunua kwa pesa za duka la Mwanza, na hakuacha wosia. Sheria ya urithi ya Wahindu ya mwaka 1956 inasema mali kama hiyo hugawanywa sawa kwa mjane na watoto, wa kike na wa kiume. Mko wanne: robo ni yako. Sheria hiyohiyo ilikuwa na mtego mmoja. Kwenye nyumba ya kuishi, binti alikuwa na fungu lakini hakuweza kudai igawanywe mpaka kaka zake waamue wenyewe kugawana, na kama ameolewa vizuri hakuwa hata na haki ya kulala humo. Kifungu hicho kilidumu karibu miaka 50. Kilifutwa mwaka 2005, kwa marekebisho yaleyale yaliyompa binti haki katika mali ya mababu tangu anapozaliwa, sawa na kaka yake. Watu wakaendelea kubishana kuhusu mabinti ambao baba zao walikufa kabla ya hapo, mpaka Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya India ilipoamua kwamba haki hiyo ni ya kuzaliwa nayo, haijalishi baba alikuwa hai au la sheria ilipobadilika.

Kwa hiyo hujaombwa ruhusa. Umeombwa robo ya nyumba.

Najua watakachokujibu: "Wewe ulishapewa chako harusini." Haya, hicho chako kiko wapi? Bangili, mkufu, vile vipuli vya bibi, vyote vimo kwenye sanduku la benki, na ufunguo anao mama mkwe. Mahakama hiyohiyo ilishasema mwaka 1985 kwamba dhahabu ya bibi harusi ni mali yake peke yake, wakwe wanaoishika wameshikilia amana tu. Kuna binti gani wa kwenu aliyewahi kuomba huo ufunguo? Na zile pesa ambazo baba mdogo aliwapa wakwe zako kimyakimya, sheria ilishazipiga marufuku tangu 1961. Majirani zetu Waswahili walikuwa wakishangaa sana jambo hili. Kwao mahari hutoka kwa mwanamume na ni haki ya binti mwenyewe. Wao nao wana yao, wajane wanaofukuzwa matanga hayajaisha nimewaona. Lakini kwa hili walikuwa na haki ya kutushangaa.

Unaniambia hutaki ugomvi, unaishi vizuri, mume wako si mtu mbaya. Ni kweli, nimekula mezani kwake. Tulikaa sote, wakwe, mume, shemeji zako na mimi mgeni, wewe umesimama kwenye jiko la gesi. Zile chapati zenu nyembamba lazima zifike sahanini zikiwa bado zimefura. Unasukuma moja, unageuza ya pili, ya tatu unaishika kwa koleo juu ya moto mpaka ijae mvuke, unaipaka samli, inaondoka. Kila aliyesema inatosha aliongezewa nyingine. Ulipokuja kukaa, dali ilikuwa imeota utando juu na bamia zilizobaki ni zile zilizogandia chini ya karai. Hakuna aliyekukataza kukaa, na hiyo ndiyo inayonichosha. Hakuna hata wa kugombana naye.

Serikali ya India ilipopima mwaka 2019 jinsi watu wanavyotumia siku yao, ilikuta wanawake wanaofanya kazi za nyumbani bila malipo hutumia dakika 299 kwa siku, na wanaume 97. Hizo 97 ni za wale waliogusa chochote, na hao walikuwa takriban robo tu ya wanaume.

Utasema chapati na nyumba ya Jamnagar vinahusiana vipi. Mwanauchumi Bina Agarwal na mwenzake Pradeep Panda waliwahoji wanawake walioolewa katika wilaya ya Thiruvananthapuram, kule Kerala, na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Kati ya wasio na nyumba wala ardhi kwa jina lao, asilimia 49 walikuwa wamepigwa na waume zao. Kati ya waliokuwa na vyote viwili, asilimia 7. Sisemi wewe unapigwa. Nasema mume na wakwe humtazama tofauti mwanamke ambaye, mambo yakiharibika, anayo pa kwenda ambapo si kwa hisani ya kaka wala ya wifi. Na wewe mwenyewe huongea tofauti. Tumelelewa tukiambiwa binti ni amana ya watu, anatunzwa tu mpaka wenyewe waje kumchukua. Ukifika kwa hao wenyewe unaambiwa umetoka nje. Sasa kwako ni wapi?

Jambo jingine, na hili usilicheleweshe. Ulipwacho shuleni kinaingia kwenye akaunti yako, nakupongeza. Lakini hamjajaliwa mtoto bado, na ukifa bila wosia akiba hiyo ni ya mume, na akiwa hayupo ni ya ndugu zake. Mama yako hapati kitu maadamu upande wa mume yupo hata mmoja. Mwanamke mmoja wa India, Narayani Devi, alifiwa na mume ndani ya miezi mitatu ya ndoa, akafukuzwa na wakwe, wazazi wake wakamsomesha, akafanya kazi maisha yake yote. Alikufa mwaka 1996. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikawapa akiba yake watu wa upande wa huyo mume, familia ileile iliyomfukuza, kwa sababu sheria ndivyo inavyosema na yeye hakuandika lolote. Wosia hauhitaji hata kusajiliwa. Karatasi, sahihi yako, mashahidi wawili.

Hati hiyo ya kaka zako haina nguvu bila msajili wa hati, basi usiende kwa msajili. Waambie unataka kwanza nyumba ithaminiwe. Kama ukiona thamani yake bado unataka kuwapa, wape, lakini ujue unatoa nini.

Halafu mama mdogo. Robo nyingine ni yake, na sikuona jina lake popote katika ile hati. Muulize kama naye ameletewa ya kwake. Mpigie mchana, kaka zako wakiwa dukani.

Dada yako