Tyubu haifi kwa kuisha gesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nisahihishe kauli niliyoisikia miaka yote niliyofundisha ufundi wa umeme, kwamba taa ya tyubu iliyogoma kuwaka "imekwisha gesi". Mara nyingi gesi ya agoni na mvuke wa zebaki bado vimo ndani ya kioo. Kilichokwisha ni mpako mweupe wa oksaidi za bariamu, strontiamu na kalsiamu uliopakwa juu ya waya wa tangisteni kila upande, ambao kazi yake ni kutoa elektroni.

Waya ukipata moto, elektroni humiminika kutoka kwenye mpako, huzigonga atomi za gesi na kuzigeuza ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, nazo ioni huvutwa kurudi kwenye waya na kuupiga. Mapigo hayo yana faida, kwa kuwa ndiyo yanayoutunzia waya joto lake baada ya stata, kile kikopo kidogo kinachoupasha waya moto wakati wa kuwasha, kumaliza kazi. Maadamu elektroni zinatoka kwa wingi, tabaka jembamba la gesi lililo mbele ya waya huhitaji volti kumi na kitu tu, na ioni hutua bila kudhuru sana. Waya ukiwa baridi, kama tyubu inapopepesa bila kuwaka, elektroni huwa haba, volti za tabaka hilo hupanda kupita 100, na ioni huubandua mpako chembe kwa chembe, nazo chembe hizo huenda kuganda kwenye kioo. Ndiyo maana ncha za tyubu huwa nyeusi.

Katika karakana niliyofundishia, tyubu mbili zilifungwa siku moja. Moja ilikuwa na stata mbovu, ikaachwa ipepese muhula mzima kwa sababu stata haikununuliwa. Tulipozishusha, ile iliyopepesa ilikuwa na pete nyeusi pana kama vidole viwili kila upande, na mwenzake ilikuwa na kivuli chepesi tu.

Kwa hiyo nawasihi mafundi wenzangu, hasa wa maeneo ambako umeme hushuka jioni taa ikawa inajaribu kuwaka bila kufaulu: tyubu ikipepesa, zimeni swichi kwanza, kisha badilisheni stata siku hiyohiyo. Na iliyokufa msiivunje kutafuta gesi, kwa maana mtakachokitoa humo ni zebaki, nayo huvutwa na pumzi za watoto wanaocheza karibu.

Mwalimu mstaafu wa ufundi umeme,
Morogoro