Picha ya jicho imepigwa, sasa nani ataisoma?

Mhariri,

Assalam aleikum. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Kila siku nasoma habari za hizi mashine za kisasa za kutambua ugonjwa mapema, mara kamera ya macho, mara kompyuta inayosoma eksrei yenyewe, na mimi sina ubaya nazo hata kidogo, mimi ni fundi simu hapa Langoni, Lamu, kamera ndio naamka nazo na kulala nazo, na lau si kamera mamangu saa hii angekua haoni macho yote mawili. Lakini kuna jambo naona watu wanalipita juu juu.

Mamangu ana sukari, mwaka wa 11 huu. Kila mwezi anakwenda kuchukua vidonge, anadungwa kidole, anaambiwa leo iko juu au leo iko sawa, punguza wali, haya rudi nyumbani. Miaka yote hio hakuna hata mmoja aliyemwambia mama hebu keti tukuangalie ndani ya jicho. Sisemi walimnyima, cha kuangalia nacho hakikuwepo wala wa kuangalia hakuwepo, na yeye mwenyewe alikua halalamiki macho, atalalamika nini na yuko anashona kofia mpaka saa nne usiku. Anayezijua kofia zetu za mkono anajua vile vitobo vyake, ukikosea kimoja ua lote linapinda. Sasa siku moja baada ya alfajiri ananiita, "Hebu njoo uitoe hii nywele machoni mwangu, naifuta haitoki." Nikaangalia na tochi ya simu, hakuna nywele. Akaziba jicho la kulia, akaitazama kofia yake kwa la kushoto, akasema anaona moshi mwekundu unatembea. Kumbe ni damu imevuja ndani ya jicho.

Ilikua kusi, bahari imechafuka, tukavuka Mokowe kwa boti amejifunika leso kichwa kizima, tukapanda basi mpaka Mombasa. Huko ndio mara ya kwanza tangu azaliwe jicho lake likapigwa picha ya ndani. Akatiwa matone ya kufungua mboni, tukangoja, akaweka kidevu kwenye kile kiti cha mashine, taa ikawaka mara moja, na kwenye skrini ikatokea duara rangi ya chungwa lenye mishipa kama mizizi ya mkoko. Jicho la kushoto hata mimi nisiyesoma udaktari niliona limeharibika, damu imetanda. La kulia ndilo lililonishtua, mana nililiona zuri tu, mpaka daktari alipolivuta likawa kubwa akaanza kunionyesha, hiki kidoa chekundu ni mshipa umefura, na hizi njano kama punje za simsim ni mafuta yanayovuja kutoka kwenye mishipa, na alama moja iko karibu sana na pale katikati panaposomea herufi. Akaweka kipimo kwenye skrini akapima iko mbali kiasi gani. Kisha akaniuliza, "Hana picha ya zamani tulinganishe?"

Picha ya zamani! Itoke wapi.

Hilo swali halijanitoka. Mana kuchungulia ndani ya jicho si jambo la jana, Mjerumani anaitwa Helmholtz alitoa kile kifaa cha kuchungulia mwaka 1851. Jipya ni kwamba sasa unachokiona unakiweka. Picha ya dijitali ni namba tupu, kila kitone kina namba ya rangi yake, ndio mana unaweza kuhesabu vidoa, kupima upana wa mshipa, ukaweka picha ya mwaka jana na ya mwaka huu pamoja ukajua kidoa kimeongezeka au kimesimama. Kuna mashine nyengine inapima unene wa ile ngozi ya nyuma ya jicho kwa vipande vya elfu moja ya milimita, imefura au haijafura, bila kuligusa jicho. Na jicho ndio pahali peke yake mwilini unaweza kuiona mishipa ya damu waziwazi bila kupasua mtu. Sukari inaila ile mishipa pole pole na mgonjwa hasikii chochote, hana maumivu, anashona kofia yake. Ndio mana madaktari wanasema mwenye sukari hii ya ukubwani aangaliwe macho tangu siku aliyoambiwa anayo, halafu kila mwaka, asingoje kuona moshi.

Mamangu la kulia lilipigwa leza, likashikika. La kushoto leza hairudishi kilichokwisha kwenda, sasa anaona kivuli tu, mtu akipita anajua kapita lakini hajui nani. Kofia ameacha.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwaka uliofuata walikuja watu na kambi ya matibabu kisiwani kwetu, siwataji, wana nia nzuri na walifanya kazi kwenye jua kali. Walikua na simu ya kawaida imefungwa lenzi mbele, unaipeleka jichoni na inapiga picha ya ndani. Mimi nilifurahi kuliko mtu yeyote pale, nikaomba niishike! Teknolojia hii Kenya si ngeni, daktari wa macho Andrew Bastawrous kutoka Uingereza alikua Nakuru zaidi ya miaka 10 iliyopita, akichoka kubeba mavifaa mazito vijijini, yeye na wenzake ndio wakatengeneza programu ya kupima macho kwa simu inayoitwa Peek. Basi mama mdogo wangu, naye ana sukari, akapigwa picha macho yote mawili, akaambiwa mama nenda nyumbani zitasomwa utapigiwa. Miezi 4, kimya. Kila nikimkuta ananiuliza, "Wale watu wako wa simu wamesemaje?" kana kwamba nimewaleta mimi. Nilipomtafuta mmoja wao kwa simu nikaambiwa picha hazikutoka vizuri, zina ukungu, inabidi apigwe tena. Na wao washaondoka zamani.

Mimi ukungu naujua. Nusu ya simu zinazoletwa kwangu ati kamera imekufa, haijakufa, ni chumvi na mafuta ya mkono kwenye lenzi, ukifuta kwa kitambaa inarudi kuwa mpya. Kuna siku niliona kidoa kwenye picha za mteja kila picha pahali pale pale, ni chembe ya mchanga wa Shela imeingia ndani ya kioo. Sasa chembe hio ukiiweka kwenye picha ya jicho la mtu itasomwa nini? Na sio sisi tu, Google walipeleka mashine yao ya akili unde ya kusoma macho kwenye zahanati 11 huko Thailand, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba zaidi ya picha moja katika kila tano mashine ilizikataa, nyengine kwa sababu ya mwangaza wa chumba tu, na intaneti ikiwa nzito foleni inasimama. Hio kompyuta maabara ilikua inafanya vizuri sana. Marekani waliruhusu mashine ya aina hii tangu 2018, ile inayotoa jibu bila daktari wa macho kuwepo, na Shirika la Afya Duniani 2021 likakubali kompyuta isome eksrei za kifua kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Kwa hivo kompyuta kusoma si ndoto, inasoma, lakini inasoma kile ulichoipa.

Kwa hivo ombi langu kwa wakubwa wa afya, wa kaunti na wa juu huko, msituletee mashine kama harusi, ngoma siku mbili halafu viti vinarudishwa. Kamera ya jicho iwekwe pale pale watu wa sukari wanapochukua vidonge, siku ile ile, chumba chenye pazia zito, na nesi wa hapa hapa afundishwe kuipiga na kuirudia kabla mgonjwa hajashuka ngazi, mana mtu wa Kizingitini au Kiunga ukimwambia arudi wiki ijayo umemwambia asirudi. Mshahara wa fundi nao utiwe kwenye bajeti. Hewa yetu ina chumvi, nyaya zinaliwa, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, mashine ya Nairobi ikifika huku bila kuangaliwa haimalizi miaka 2 (sijipigii debe, vijana mafundi tuko wengi Amu hii na wengine ni hodari kunishinda). Na kuwe na mtu mmoja anayejulikana jina, picha ikifika kwake ana siku kadhaa za kujibu, hata akiwa Mombasa, jibu liwe ni ujumbe wa Kiswahili kwenye simu ya mgonjwa au ya mwanawe. Wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kupima presha na sukari mwaka 2023 tayari wanapita mitaani, wanajua nani ana sukari nyumba gani, hao ndio wa kumfuata aliyekawia.

Halafu picha apewe mwenyewe. Sisi Mombasa tulipewa kwenye sidii, eti mtaonyesha hospitali nyengine, tukaja nayo huku hakuna kompyuta hata moja yenye pa kuitia, ikabidi mimi nikatafute laptop kuukuu dukani kwangu, nikaifufua siku mbili kwa ajili ya picha moja. Wangeitia kwenye simu yangu pale pale ingekua dakika moja.

Sasa nnazo, jicho la kulia la mamangu, nimeziweka na tarehe yake, na mwezi ujao akienda nitampa daktari kabla hajauliza. Mama mdogo bado hana hata moja. Juzi alikuja dukani kuniletea bumunda, akapapasa ukingo wa meza kabla ya kuiweka sahani, nami nikajifanya sijaona.

Fundi simu,
Langoni, Lamu