Italia: treni na malazi

Habari za jioni wapendwa. Suala la kukodi gari tulifunge: hatukodi. Katikati ya Florence kuna kamera za kunasa magari yasiyo na kibali, faini inakufuata hadi nyumbani, na Venice ya kisiwani haina hata barabara ya gari. Tunapanda treni. Roma Termini hadi Florence kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu. Tiketi zake hupanda bei siku zikikaribia, kwa hiyo nileteeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti kabla ya Ijumaa. Zile treni za kawaida, ukiwa na tiketi ya karatasi, igonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Usipogonga unapigwa faini hata kama nauli umelipa.

Venice tutalala Mestre, upande wa bara. Vyumba ni nafuu, na treni hadi Santa Lucia, stesheni ya kisiwani, ni dakika 10 hivi. Anayetaka kisiwani ruksa, ila madaraja yale ni ngazi tupu na mizigo mtabeba wenyewe. Shangazi, lile sanduku la bluu libaki nyumbani tafadhali.

Wekeni pia euro kadhaa kando: hoteli hutoza kodi ya wageni kwa kila mtu, kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni.