Heri ya Sikukuu ya Vibanda, na Daftari la Wapiga Kura

Ndugu na marafiki wa masinagogi ya Marekani, Hag Sameah! Heri ya Sikukuu ya Vibanda kwenu mliokwisha kufunga kamba ya mwisho, na kwenu ambao bado mnahangaika na miti.

Kibanda kina masharti yake. Paa liwe la kitu kilichoota ardhini kisha kikakatwa: matawi, mianzi, makuti. Turubai la plastiki halifai. Kivuli kizidi jua, lakini usiku nyota zionekane. Siku saba tunakula humo tukikumbuka wazee wetu waliotoka utumwani wakakaa jangwani bila ukuta wa kuegemea.

Sikukuu hii huangukia Septemba au Oktoba, na mara nyingi ndizo wiki ambazo majimbo yanafunga daftari la wapiga kura kwa uchaguzi wa Novemba. Sheria ya shirikisho hairuhusu daftari kufungwa zaidi ya siku 30 kabla ya uchaguzi. Texas inazitumia zote 30. Pennsylvania inafunga siku 15 kabla. Anayesubiri sikukuu zipite ndipo aanze kazi anaweza kukuta mlango umeshafungwa.

Wengi tumekua na picha ya Rabi Abraham Joshua Heschel akitembea na Martin Luther King kutoka Selma, Alabama, kudai haki ya Weusi kupiga kura, Machi 1965. Tunajivunia picha ile, na ni haki yetu. Lakini miezi tisa kabla yake, Juni 1964, James Chaney, kijana Mweusi wa Mississippi, aliuawa pamoja na Wayahudi wawili kutoka New York, Andrew Goodman na Michael Schwerner, katika kampeni ya kuandikisha wapiga kura Weusi. Kampeni ile ilikuwa ya fomu, kalamu na kubisha hodi mlango kwa mlango.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilisainiwa Agosti 6, 1965. Mwaka 2013, katika kesi ya Kaunti ya Shelby, Alabama, Mahakama ya Juu ilifuta kigezo cha sheria hiyo kilichoonyesha ni maeneo gani lazima yaombe idhini ya serikali kuu, Washington, kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Tangu hapo badiliko linapita kwanza, kesi inafuata baadaye, na aliyezuiwa kupiga kura hapo katikati amekwisha kuikosa kura yake.

Ndiyo maana tunasisitiza mambo madogo. Jina kwenye fomu lilingane na leseni ya udereva, herufi kwa herufi. Anwani iwe ya pale mtu anapolala, si sanduku la posta. Sahihi isisahaulike. Kisha kuna kadi ya kuthibitisha anwani inayokuja kwa posta: inafanana na matangazo, basi inatupwa. Mtu asipoirudisha, na asipopiga kura katika chaguzi kuu mbili za shirikisho zinazofuata, jina lake linaweza kufutwa. Kwa wapangaji wanaohamahama, kadi hiyo ndiyo hatari kubwa.

Pennsylvania, kura ya posta ina bahasha mbili. Karatasi inayotumbukizwa kwenye bahasha ya nje bila ile ya ndani ya siri huitwa kura uchi, na haihesabiwi. Georgia, tangu 2021, ni kosa kumgawia chakula au maji mpiga kura aliye ndani ya futi 150 za jengo la kupigia kura. Pimeni kwa utepe, msikadirie kwa macho.

Siku za mwanzo za sikukuu na Sabato, wanaoshika sheria hawaandiki. Meza ya fomu iwekwe siku za katikati, ambapo shughuli ya manufaa ya umma inaruhusiwa. Msimpigie debe mgombea yeyote. Sinagogi lililosamehewa kodi limekatazwa. Na mkienda mtaa wa Weusi, ombeni kwanza nafasi kwa kanisa au chama kilichoko pale, mfuate ratiba yao. Wayahudi Weusi nao wamo katika masinagogi yetu. Wasiulizwe mlangoni wamekuja na nani.

Jioni, mnapowakaribisha wale wageni saba wa mapokeo, kuanzia Abrahamu, acheni na kiti kimoja cha jirani. Akija na ile kadi ya posta mkononi, isomeni pamoja naye, ajaze, aitie sahihi siku ya kuandika, na kesho yake iwe posta.

Hag Sameah.