Biro ya konseye haina kiti cha pili

Bwana mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya juzi juu ya watoto wa mwaka wa 8 na kuchagua opsioni, yaani tawi la masomo ya sekondari, imeninyima usingizi, hasa pale mkubwa mmoja wa shule anasema eti mambo yanaenda vizuri juu kila shule iko na konseye wa orientasio, mtu wa kumwelekeza mtoto kwa masomo na kazi. Konseye yupo, sikatai. Mimi nilifika kwake.

Mimi ni sudere, fundi wa kuchomelea vyuma, nina atelie kidogo hapa komini ya Kenya, Lubumbashi. Mtoto wangu wa tatu amekulia humo ndani. Akiwa na miaka 9 alikuwa ananipangia bageti za kuchomelea kwa unene wake bila kuambiwa, akiwa na 12 alifungua alternata ya gari ya jirani akairudishia na gari ikawaka. Alipomaliza mwaka wa 8 alitaka elektrisite, alisema wazi mbele ya mama yake, nami nikaona ndiyo njia yake. Tunaenda kuangalia majina yaliyobandikwa mlangoni, wamemweka komersiale, masomo ya biashara! Hakuna aliyemuuliza yeye, hakuna aliyeniuliza mimi. Nikaenda kwa konseye. Mlango umeandikwa vizuri kabisa kwa rangi ya bluu, na ndani kuna meza moja, mafurushi ya bordero za benki, zile karatasi za malipo, yamefungwa kwa mpira, daftari la waliolipa na wasiolipa, na kiti kimoja, ambacho amekalia yeye. Nikasimama. Hapo nikaelewa kwamba chumba hicho hakijawahi kupokea mtoto na mzazi wake waongee juu ya maisha ya huyo mtoto, maana wangekaa wapi? Akafungua daftari, kidole kikashuka mpaka kwa jina, akaona pointi 68 kwa mia, akaniambia: "Papa, mtoto iko na pointi mingi hivi, utaenda kumutupa kwa teknike?" Mikono yangu ilikuwa juu ya meza yake, na alama zake zote za moto. Hii mikono ndiyo inalipa minervali, karo ya shule, ya watoto watano, pamoja na ile aliyokuwa anaihesabu kwa daftari lake.

Nani aliwaambia walimu wetu kwamba teknike, masomo ya ufundi, ni jalala la kutupia wenye pointi kidogo? Tuko Katanga! Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwa udongo huu, kutoka Likasi mpaka Kolwezi migodi inaishi kwa watu wa umeme, wa mashine na wa kuchomelea, vijana niliowafundisha mimi wanakuja kuchukuliwa pale pale mlangoni kwangu, na konseye wa shule hajui hata hilo. Zamani mambo haya yalikuwa na njia yake. Tulisema kampuni ni baba ni mama, Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilikuwa na shule zake za ufundi, mtoto anaingia anatoka na kazi mkononi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakatolewa kwa ule mpango walioita wa kuondoka kwa hiari, baba yangu akiwa mmoja wao, na njia ile ikafungwa. Tangu hapo nani ameweka nyingine? Kuna TENASOSP, mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa 8, jina lake lenyewe linasema ni ya kuchagua na kuelekeza shule na kazi, ila mimi nilicholetewa ni asilimia tu, hakuna neno moja juu ya mtoto mwenyewe. Na watu wa kazi hii wapo, ISP, chuo cha kufundisha walimu, wanaifundisha, wanatoa watu na diploma, halafu shule inawapa bordero wahesabu.

Sasa mtoto yuko mwaka wa pili wa umanite, yaani sekondari ya juu, bileteni ya mwisho 44 kwa mia, mtoto yule yule wa 68.

Na hata wale walioko teknike wanaonewa. Finaliste, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wanakuja kwangu na karatasi ya staji, mazoezi ya kazi: "Papa, utie tu kashe." Hawataki kufanya, wanataka muhuri, juu shuleni wameona mashine ya kuchomelea ikichorwa kwa choki na hakuna anayekuja kuangalia kama staji imefanyika. Mwaka huu nimekataa wanne. Mmoja alikubali kubaki wiki tatu na leo anachomelea milango peke yake.

Ninachoomba si kikubwa. Kilasi ya mtoto wangu walikuwa 63. Dakika 20 kwa kila mtoto na mzazi wake ni saa 21, na konseye ana mwaka mzima. Ainue daftari la pesa ampe kontable, amuulize mtoto mikono yake inapenda nini, aandike, mzazi asaini. Kabla ya Pasaka, si siku ya kubandika majina.

Na kama tatizo ni kiti, kiti cha pili nitakitengeneza mimi, cha chuma, bure. Prefe, mkuu wa shule, atume mtu Jumamosi achukue, kitakuwa kimekauka rangi.

Sudere wa Kenya, Lubumbashi