Stadi ya ekzosi iliyokatikia ndani ya hedi: kwa nini tunaihesabu kuwa kazi ya siku nzima

Wateja wengi wanaotuletea Toyota Hiace hulalamikia mlio wa "tiki-tiki" unaosikika asubuhi injini ikiwa ya baridi, kisha ukapungua injini inapopata moto. Baadhi yao huwa wameshaambiwa kuwa tatizo ni valvu, na wapo waliokwisha kulipia marekebisho ya valvu hizo bila mlio kuondoka. Mara nyingi tunachokikuta ni stadi (bolti isiyo na kichwa) ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini, iliyokatika, tena ile ya mwisho upande wa nyuma, huku kipande chake kikiwa kimebaki ndani ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Manifoldi hutanuka kila inapopata moto, na ncha zake husogea zaidi kuliko katikati, ndiyo maana stadi za pembeni hutangulia kuchoka. Kutanuka huko huko ndiko kunakoziba kwa muda upenyo wa moshi na kufifisha mlio.

Tatizo hili lisiachwe likae. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na moshi unaovuja pale una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuingia alipokaa dereva.

Swali tunaloulizwa kila mara ni kwa nini ufundi uwe ghali wakati stadi yenyewe ni ya bei ndogo. Jibu liko kwenye nafasi. Drili ya kawaida haiingii kati ya hedi na bodi, kwa hiyo tunatumia yenye kichwa kilichopinda digrii 90 pamoja na biti (ncha ya kutobolea) fupi. Hedi ikiwa ya aluminiamu, biti ikikaa upande kidogo tu huikimbia stadi ngumu na kula aluminiamu iliyo laini, na tundu likishaharibika namna hiyo gharama huwa nyingine kabisa.

Stadi ikiwa imechomoza, hata kwa milimita chache, tunafurahi. Tunatoa waya za betri ili kulinda altaneta na kompyuta ya gari, tunavisha nati juu ya kipande kilichobaki, kisha tunaichomelea kwa ndani. Joto hutanua stadi, nayo ikipoa husinyaa na kuachana na kutu iliyoishika. Nati ya kwanza huweza kung'oka, na hata ya pili, lakini kwa uzoefu wetu uvumilivu hapa unalipa kuliko nguvu.

Iliyokatika usawa wa hedi, au ndani zaidi, ndiyo inayokula muda. Tunatengeneza kipande cha chuma chenye matundu, tunakifunga kwenye stadi mbili za jirani, na tundu lake la tatu huiongoza biti katikati kabisa. Tunaanza na biti ya milimita 3, kisha tunapanda polepole. Biti zinazozunguka kinyume hutusaidia sana, kwani wakati mwingine hunasa na kuitoa stadi yenyewe kabla hatujamaliza kutoboa. Kwa stadi ya milimita 8 ambayo meno yake (mikato ya skrubu) yameachana milimita 1.25 hatuvuki milimita 6.8, maana zaidi ya hapo tunakata meno ya hedi.

Vile vyuma vya kutolea bolti vinavyogongwa ndani ya tundu hatuvipendi mahali finyu kama hapa. Chuma chake ni kigumu kuliko cha stadi, na kimoja kilipotukatikia ndani, biti za kawaida hazikukigusa. Ilibidi hedi ishuke, na gharama hiyo tuliibeba sisi.

Kwa sababu hizo tunamtajia mteja bei mbili kabla ya kuanza: ya kuitoa stadi hedi ikiwa mahali pake, na ya hedi kushushwa. Tukishaitoa stadi, tunapima unyoofu wa manifoldi kwa rula ya chuma, kwa kuwa iliyopinda itakata stadi mpya vilevile, na ikibidi tunaipeleka kusawazishwa.

Ukigundua mlio huo, tafadhali usikubali mtu apake gamu ya gasketi kuziba moshi, wala asijaribu kukaza nati zilizobaki kwa spana iliyoongezewa bomba. Tupigie siku moja kabla ya kuja, ili gari lilale hapa likiwa limepuliziwa mafuta ya kulegeza kutu, nasi tuanze asubuhi injini ikiwa imepoa.